Sendika inamsaidia nini mfanyakazi wa hospitali?

Ukisikia wauguzi wa Mambasa wako kwenye mgomo, unauliza kwanza: hii sendika ni ya nani?

Ni chama cha wafanyakazi wenyewe. Wauguzi wako na SYNIC, madaktari SYNAMED. Katiba ya 2006, kifungu cha 38, inampa kila Mkongomani haki ya kuingia sendika. Cha 39 kinakubali mgomo, ila sheria inaweza kuuwekea mipaka pale uhai wa watu unaguswa. Ndiyo maana hata siku ya mgomo mama wa kuzaa anapaswa kupokelewa.

Kazi kubwa ni karatasi. Wauguzi wengi wa serikali hawana namba ya matricule, ama wako nayo bila mshahara wala prime ya hatari. Wanaishi na kigawanyo cha pesa ile mgonjwa analipa. Sendika inasukuma majina yao mpaka Kinshasa. Lakini tuseme ukweli: mgomo unaumiza hao kwanza, maana wagonjwa wakikosa, kigawanyo pia kinakosa.

Tena kuna usalama. Tarehe 19 mwezi wa 4 mwaka 2019, wakati wa Ebola, daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa hospitalini Butembo. Siku chache kisha, madaktari na wauguzi waliandamana kule, wakisema wataacha kazi kama hawalindwe. Mwezi wa 11 ikafika kwetu Biakato. Kati ya watu 4 waliouawa huko na Mangina, 2 walikuwa madereva, si wauguzi wala madaktari.