Land Rover 109 ya Mpanda: Orijino au Imeungwaungwa?

Jamaa mmoja wa Mpanda alishaweka hela za mpunga mfukoni, tayari kuchukua Land Rover 109 ya kizamani, Series III. Dalali anaapa: "Hii orijino mzee, haijaguswa!" Fundi akacheka tu, akachukua brashi ya waya, akainama mbele upande wa kulia.

Kwa nini hapo? Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ndo kwanza imetoka vitani, chuma cha shida, bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Chasisi ikabaki chuma. Kwa hiyo juu gari linaweza kung'aa huku chini kutu imeshamaliza kazi. Kwenye Series III, zilizoanza 1971, namba ya chasisi iligongwa kwenye chuma chenyewe, mbele kulia, pale springi inapofungwa. Ipo pia kwenye kibati ndani, ila kibati kinahamishika kwa bisibisi tu.

Marekani, wapenzi wa Chevrolet na Pontiac za miaka ya 60 wanamwaga hela ndefu kama namba iliyogongwa kwenye injini inaendana na ya chasisi. Land Rover hizi ni tofauti, injini ina namba yake yenyewe. Anayetaka kujua gari lilitoka kiwandani na injini gani anaomba cheti kwenye makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, zinakotunzwa kumbukumbu.

Ila Katavi ni Katavi. Miaka mingi barabara ilikuwa vumbi kiangazi, tope masika, na spea nyingine mpaka treni ya Kaliua ifike. Injini ikifa, inafungwa iliyopo, hata ya Toyota, maisha yaendelee. Hiyo siyo feki, hiyo ndo historia ya gari la huku.

Feki ni namba ya chasisi ikichezewa. Tarakimu zinapanda na kushuka, alama za tupa pembeni, au kipande kizima kimechomelewa. Gari la hivyo linaweza kuwa la wizi, na kesi inamfuata aliyelinunua.

Rangi ikabanduka. Tarakimu ya mwisho ilikuwa 8 iliyozaliwa ikiwa 3, tupa imepita kote. Kwenye kadi? 8 vilevile.

Jamaa akarudisha hela mfukoni. Dalali bado anaapa haijaguswa.

Wadau, ingekuwa wewe, ungeanza kuangalia rangi au namba?