Fedha Isiyokuwa na Fedha

WASOMAJI wa Biblia wanaijua dinari: ndiyo ujira wa siku nzima katika mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu. Mimi ninayo moja, ya Kaisari Augusto. Upande wa nyuma wamesimama Gaius na Lucius, wajukuu wake, pamoja na ngao zao. Uzani wake haufiki gramu 4 na karibu yote ni fedha tupu.

Neno 'fedha' hapa nalitumia kwa maana yake ya asili. Waarabu walitupa fidda, yaani madini yale meupe. Sisi tukalipanua likabeba pesa za kila aina, hata noti ya karatasi. Dinari nayo ni denarius ya Kilatini, jina lililotokana na kumi, kwa kuwa mwanzoni ilikuwa na thamani ya sarafu 10 za shaba. Ajabu ni kwamba ilipofika kwa Waarabu ikawa sarafu ya dhahabu!

Sarafu yangu ya pili ni ya Gallienus, aliyetawala peke yake kuanzia 260 hadi 268. Baba yake, Valerian, alikuwa ametekwa na Waajemi. Galia ilikuwa imejitenga. Askari walitaka mshahara, na fedha ya kuwalipa haikuwapo. Basi watawala wakafanya anachofanya muuza maziwa mjanja: kutia maji. Mchezo wenyewe haukuanza hapo. Nero aliipunguza dinari mwaka 64, na kufikia enzi ya Septimius Severus fedha ilikuwa takriban nusu tu. Mnamo 215, Caracalla akatoa sarafu mpya, antoniniano, ambayo yaaminika ilihesabiwa kuwa dinari 2 ilhali fedha iliyomo haikutosha dinari 2.

Hii yangu ina picha ya swara. Sarafu za Gallienus za miaka ya mwisho hazifiki asilimia 5 za fedha. Zilipakwa utando mweupe tu juu ya shaba. Kwenye yangu utando umebaki ndevuni mwa mfalme, kwingine kote ni kahawia kama sufuria kuukuu. Niliinunua kwa bei rahisi kwa sababu zimejaa tele. Mwaka 2010, huko Frome, Uingereza, chungu kimoja kilifukuliwa kikiwa na zaidi ya sarafu 52,000 za karne hiyo, nyingi zikiwa duni namna hii.

Dinari nzuri je? Hebu jiulize: nani angepeleka sokoni sarafu ya babu yake ilhali muuzaji analazimika kuipokea hii ya shaba? Nzuri zilifichwa, zikayeyushwa. Ndiyo maana kuipata ya Augusto kulinichukua miaka 11.