Kutoka Kamba za Mwani hadi Vipande vya Sabuni

Tumeombwa tueleze mradi wetu wa sabuni ulivyoanza. Lakini habari ya sabuni haianzii jikoni, inaanzia baharini.

Kilimo cha mwani cha kuuza kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Wanaume nao walijaribu, kisha wengi wakaona jasho ni jingi na pesa kidogo, wakarudi kwenye nyavu. Shamba likabaki kwa kina mama. Kila bamvua tupo majini, tunapigilia vigingi, tunafunga mbegu kwenye kamba, mgongo umepinda. Hata hivyo tusiitukane kazi hii. Sare za skuli na mabati ya nyumba nyingi huku yametoka humo.

Mbegu zilikuwa mbili, kotonii na spinosamu. Kotonii ndiyo yenye bei, ila haipendi maji ya moto. Tangu miaka ya 2000 ikawa inageuka nyeupe, inalainika na kukatika kwenye kamba. Tukabaki na spinosamu, na bei yake mnaijua wenyewe. Mwani mkavu unakwenda ng'ambo, unatolewa ute wa kugandisha dawa ya meno, aiskrimu na losheni. Kisha losheni inarudi dukani, tunainunua sisi sisi. Hilo ndilo lililotuuma.

Kujipamba si jambo la kufundishwa mwanamke wa pwani. Bibi zetu walisugua liwa kwenye msio, wakamsinga bibi harusi kwa singo, wakapaka dalia na mafuta ya nazi. Kipya kilikuwa kuuza. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwaweka pamoja wakulima wa mwani na watafiti, akiwemo Dakta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ili mwani upate thamani hapa hapa. Kina mama wa Kidoti ni miongoni mwa waliotangulia kutengeneza sabuni yake. Sisi tulifuata nyayo, tusijisifu kwa cha wenzetu.

Siku tuliyoomba mtaji kutoka kwenye kasha palikuwa na ubishi mkubwa. Mama mmoja, mwenye ufunguo mmojawapo, alisema, "Jamani, hizo ni hisa za watu, si povu." Tukampinga kwa kura. Basi ungo wa kwanza wote ukaharibika! Kostiki tuliipima kwa kijiko, kwa macho tu. Sabuni ikatuchoma mikono, haikuuzika hata kipande kimoja, na deni likakatwa kwenye mgao wetu kabla ya Sikukuu. Wawili walitoka kwenye mradi. Hatuwalaumu.

Tuliobaki tukanunua mizani kwanza. Kilo moja ya mafuta ya nazi inataka gramu 183 za kostiki ili yote yageuke sabuni. Sisi tunatia 170, mafuta kidogo yabaki ya kulainisha ngozi. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji; ukimimina maji juu yake yanaruka usoni. Sufuria ya aluminiamu haifai, kostiki inaila. Mwani tunauosha chumvi itoke, tunauanika, tunausaga unga laini. Mafuta ya karafuu ni matone tu, yakizidi yanawasha. Halafu subira: wiki nne hadi sita juani hapana, kivulini ndiyo.

Hapo ndipo wengi huchoka, maana pesa imelala kwenye rafu na mtoto anadai daftari. Wanunuzi wengine nao huchukua mzigo leo na kulipa baada ya miezi. Kwa hiyo sasa kila ungo tunaugawa, nusu ya mkopo na nusu ya taslimu, na yule mama wa ufunguo ndiye mweka hazina wa mradi.

Sufuria ya siku ya kwanza, iliyotoboka, ipo kwa katibu. Ameotesha mchicha.