Kope ya Farasi na Mipaka ya Kisu: Historia ya Matibabu ya Sarkoidi Kuzunguka Jicho, 1936–2000

1. Utangulizi

Sarkoidi ndiyo uvimbe wa ngozi unaowapata farasi mara nyingi kuliko mwingine wowote. Kwa kawaida hausambai hadi kwenye viungo vya ndani, na ni nadra kumwua farasi moja kwa moja. Madhara yake hutegemea mahali ulipoota. Uvimbe wa shingoni unaweza kukatwa pamoja na ngozi pana inayouzunguka, na kidonda kikafunga. Uvimbe wa kwenye kope hauna nafasi hiyo. Kope ya farasi ni nyembamba, haina ngozi ya akiba, na ndiyo inayolilinda jicho dhidi ya vumbi na kueneza machozi juu ya konea. Ikikatwa kupita kiasi, jicho hubaki wazi, hukauka, na hatimaye huweza kupofuka. Ikikatwa kidogo, uvimbe hurudi.

Insha hii inajadili jinsi madaktari wa mifugo walivyokabiliana na mtanziko huo katika karne ya ishirini. Hoja yake kuu ni kwamba maendeleo ya matibabu ya sarkoidi kuzunguka jicho hayakuletwa na kisu kilicho bora zaidi. Yaliletwa na kukubali kwamba kisu peke yake hakitoshi, na kwa sababu hiyo tiba nyingi zilizokuja baadaye ziliazimwa kutoka katika tiba ya binadamu.

2. Kutajwa kwa ugonjwa

Jina la ugonjwa huu lilitolewa Afrika Kusini. Mwaka 1936, Cecil Jackson alichapisha uchunguzi mpana kuhusu uvimbe wa wanyama wafugwao, akiwa katika taasisi ya Onderstepoort, karibu na Pretoria. Taasisi hiyo ilianzishwa na Arnold Theiler mwaka 1908. Jackson alionyesha kwamba uvimbe huu una sura mbili kwa pamoja: ngozi ya juu huota kama chunjua, na chini yake hujengeka tishu ngumu ya nyuzi inayofanana na sarkoma. Hata hivyo, haukuwa na tabia ya sarkoma ya kusambaa mwilini. Jina “sarkoidi”, yaani kitu kinachofanana na sarkoma, lilibeba utata huo.

Utata wa jina ulikuwa pia utata wa tiba. Ikiwa uvimbe hausambai, daktari angetarajia kwamba kuukata kungetosha. Uzoefu ulionyesha vinginevyo.

3. Chanzo na sababu ya kurudi

Mwaka 1951, watafiti wa Marekani Carl Olson na Cook waliwadunga farasi dondoo ya chunjua za ng’ombe. Farasi hao walipata uvimbe wa ngozi uliofanana na sarkoidi, ingawa uvimbe wa majaribio ulielekea kutoweka wenyewe, tofauti na ule wa asili. Mwaka 1977, Lancaster, Olson na Meinke walitoa ushahidi kwamba vinasaba vya virusi vya papiloma vya ng’ombe vimo katika sarkoidi iliyoota kiasili.

Ugunduzi huo ulisaidia kueleza kilichowasumbua wapasuaji. Seli zilizobadilika huenea katika ngozi kupita ukingo unaoonekana kwa macho, na utafiti wa baadaye ulivikuta vinasaba vya virusi hata katika ngozi iliyoonekana kuwa nzima kando ya uvimbe. Zaidi ya hayo, sarkoidi iliyotulia kwa miaka inaweza kukua kwa kasi baada ya kuchokozwa kwa jeraha au upasuaji usiokamilika. Kwa jicho, maana yake ilikuwa nzito: jaribio la kwanza likishindwa, la pili hufanyika kwenye kope iliyopungua na dhidi ya uvimbe uliokuwa mkali zaidi.

4. Baridi na chanjo

Katika miaka ya 1970 njia mbili zilipata umaarufu. Ya kwanza ilikuwa kugandisha uvimbe kwa nitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri. J. G. Lane aliichapisha nchini Uingereza mwaka 1977. Uvimbe uligandishwa na kuyeyushwa kwa kurudiwa ili seli zife. Njia hii ilifaa zaidi sehemu za mwili zenye ngozi ya kutosha. Karibu na jicho, baridi haikutofautisha seli mbaya na kope nzima, na kovu lililobaki liliweza kuikunja kope.

Njia ya pili ilitumia chanjo ya kifua kikuu ya binadamu, BCG, iliyotengenezwa na Calmette na Guérin nchini Ufaransa na kutolewa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Chanjo hiyo ilidungwa ndani ya uvimbe wenyewe ili kuiamsha kinga ya mwili iushambulie. Hapa kope ilipata nafuu ambayo kisu hakikuweza kuitoa: uvimbe ulisinyaa huku sehemu kubwa ya kope ikibaki. Ajabu ni kwamba tiba hiyo ilifanya vizuri zaidi kuzunguka jicho, na matokeo yake kwenye miguu yalikuwa duni. Nayo haikukosa hatari. Kudungwa kwa kurudia kuliweza kusababisha mshtuko mkali wa mzio, hivyo madaktari wakaanza kutanguliza dawa za kuuzuia na kutumia maandalizi ya kuta za bakteria badala ya bakteria hai.

5. Mionzi na swali la ushahidi

Mwaka 2000, Derek Knottenbelt na D. F. Kelly walichapisha rekodi za farasi 445 wenye sarkoidi kuzunguka jicho, waliotibiwa kati ya 1974 na 1999. Kukata na kugandisha kulitoa matokeo dhaifu; matokeo bora kuliko yote yalitokana na nyaya za iridiamu-192 zilizopachikwa ndani ya uvimbe.

Rekodi hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hazikuwa jaribio ambalo farasi waligawiwa tiba kwa bahati nasibu. Daktari ndiye aliyechagua tiba kwa kuangalia uvimbe, jicho na uwezo wa mwenye farasi. Aidha, mionzi ilihitaji leseni, farasi kutengwa, na wahudumu kujikinga. Tiba iliyoonekana bora ilikuwa pia iliyopatikana mahali pachache zaidi.

6. Hitimisho

Kutoka Onderstepoort hadi nyaya za iridiamu, swali lenyewe lilibadilika. Mwanzoni daktari aliuliza namna ya kuuondoa uvimbe. Mwishoni aliuliza kope itakayobaki itaweza kufanya kazi gani. Swali hilo la pili ndilo lililoleta kinga, dawa na mionzi katika tiba ya farasi. Lakini pia liliacha pengo kati ya tiba inayojulikana na tiba inayopatikana. Kwa farasi aliye mbali na hospitali yenye vifaa hivyo, uamuzi wa kuanza kukata, au kutokukata kabisa, ulibaki kuwa uamuzi mzito kuliko wote, kwa kuwa nafasi ya kwanza mara nyingi ndiyo iliyokuwa bora.