Kazi Nyingi au Zamu Nyingi? Historia Fupi ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Miongoni mwa dhana za kompyuta zinazowatatiza wafasiri wetu ni ile inayoelezwa kwa kawaida kuwa "kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja". Mwalimu mmoja alituuliza iwapo maelezo hayo ni sahihi. Kwa maoni yangu yanapotosha, na historia ya kompyuta za nyumbani inaonyesha sababu yake.

Kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980 kwa kawaida iliendesha programu zake kwa kichakataji kimoja, nacho hutekeleza agizo moja baada ya jingine. Mtumiaji alipoona programu mbili zikienda pamoja, kwa hakika zilikuwa zikipokezana upesi mno. Mfano wake ni mpishi mwenye jiko moja na sufuria tatu: huinjika hii, akaiepua, akainjika nyingine. Lakini sufuria zote tatu sharti zipate mahali pa kukaa, na mahali penyewe ndiyo kumbukumbu ya kompyuta.

Sinclair QL, iliyozinduliwa Uingereza mwezi Januari 1984, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Kati ya hizo, 32 zilichukuliwa na skrini peke yake. Mfumo endeshi wake, QDOS, uliweza kugawa zamu baina ya programu kadhaa. Hata hivyo, programu za Psion zilizouzwa pamoja nayo, ikiwamo ile ya kuandikia barua, zilijitwalia kumbukumbu yote iliyosalia. Zamu zilikuwapo, wa kuzipokea hakupata pa kukaa.

Mwaka 1985 kampuni ya Commodore ilitoa Amiga nchini Marekani, ikiwa na kilobaiti 256, na mtumiaji aliweza kuongeza nyingine 256. Kiini cha mfumo wake, kilichobuniwa na Carl Sassenrath, kiliipa kila kazi cheo chake. Kazi yenye cheo cha juu ilitangulia, zenye cheo sawa zilipokezana, na iliyokuwa ikingoja jambo fulani, kama vile kubonyezwa kwa kibao, haikupewa zamu kabisa. Programu zilipotumiana ujumbe hazikuunakili. Zilipeana anwani ya mahali ulipo. Kwa njia hiyo kumbukumbu na muda viliokolewa. Gharama yake ilikuwa kubwa, kwani hapakuwa na ukuta baina ya programu na programu, na kosa la moja liliweza kuangusha mfumo mzima.

Yafaa pia kutofautisha aina mbili za zamu. Katika QL na Amiga, mfumo uliinyang'anya programu zamu muda wake ulipokwisha. Katika Macintosh, MultiFinder ya mwaka 1987 ilingoja programu iachie yenyewe, na programu yenye uchoyo iliweza kuzikwamisha nyingine zote. Aina ya kwanza naona iitwe "zamu ya lazima", na ya pili "zamu ya hiari".

Kwa dhana yenyewe napendekeza "uendeshaji kwa zamu". "Kazi sambamba" ibaki kwa kompyuta zenye vichakataji zaidi ya kimoja, ambavyo siku hizi vimo hata katika simu za mkononi. Katika simu hizo mambo yote mawili hutokea pamoja, hivyo mfasiri hana budi kuisoma aya nzima kabla ya kuchagua neno.