Jaribio la Nguruwe la Carman

Jaribio la nguruwe la Carman ni utafiti uliofanywa Marekani chini ya uongozi wa Judy Carman, mtaalamu kutoka Australia, ambao tangu kuchapishwa mwaka 2013 umekuwa miongoni mwa hoja kuu za wale wanaotilia shaka usalama wa mazao yaliyobadilishwa vinasaba kwa mifugo. Nguruwe 168, waliokwisha kuachishwa kunyonya, waligawanywa makundi mawili sawa, moja likilishwa mahindi na soya zilizobadilishwa na la pili zisizobadilishwa, kwa muda wa wiki 22.7, ndipo wakachinjwa. Katika ulaji, uzito, vifo na vipimo vya damu haikudhihiri tofauti ya maana. Lakini matumbo yao yalipopasuliwa, wekundu mkali, uliohesabiwa kuwa uvimbe, ulionekana kwa asilimia 32 ya kundi la kwanza na asilimia 12 ya la pili, na mifuko ya uzazi ya majike wa kundi la kwanza ilizidi uzito kwa robo.

Wapinzani walijibu kwamba rangi iliyotazamwa kwa macho tu, pasipo hadubini, haithibitishi maradhi. Tena, na hili ndilo pingamizi zito zaidi, wekundu wa wastani ulizidi katika kundi la pili. Mwaka 2014 Alison Van Eenennaam na Amy Young walilinganisha takwimu za mifugo ya Marekani, zaidi ya wanyama bilioni 100, kabla na baada ya mwaka 1996, malisho yaliyobadilishwa vinasaba yalipoanza kutumika, wasione dhara lolote, ingawa wengi mno walikuwa kuku wa nyama, ambao huchinjwa wangali wachanga.