Denis Burkitt: Kurasa sita kutoka Mulago

Mwaka 1958 jarida la upasuaji la Uingereza, British Journal of Surgery, lilichapisha makala ya kurasa sita iliyoandikwa na daktari mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, mjini Kampala. Makala hiyo ilieleza habari za watoto 38 wa Uganda waliopatwa na uvimbe wa taya. Wakati huo ni wachache walioijali. Leo jina la mwandishi wake, Denis Burkitt, linafahamika popote inapofundishwa elimu ya saratani.

Habari ya makala hiyo inatoa funzo katika mjadala ambao haujaisha katika vyuo vikuu: je, thamani ya kazi ya mtafiti wa afya yaweza kupimwa kwa kuhesabu makala alizochapisha na idadi ya mara ambazo wenzake wamezinukuu?

Mtoto mmoja, kisha wa pili

Dakta Burkitt alizaliwa mwaka 1911 karibu na mji wa Enniskillen, katika Ireland ya Kaskazini ya leo. Alipokuwa mtoto alipoteza jicho moja katika ajali, lakini hilo halikumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Alianza kazi nchini Uganda mwaka 1946.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mvulana wa miaka mitano aliyekuwa na uvimbe katika taya zote mbili, kulia na kushoto. Burkitt hakupata kuona jambo kama hilo. Muda mfupi baadaye, alipokuwa ziarani katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye dalili zile zile. Mtoto mmoja angeweza kuwa mkasa wa nadra, lakini wawili walidai maelezo. Akarudi Mulago na kuanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa.

Burkitt hakuwa wa kwanza kuuona ugonjwa huo. Miaka mingi kabla yake, Albert Cook, daktari mmisionari wa hospitali ya Mengo, aliandika habari za wagonjwa wa namna hiyo. Nao wataalamu wa maabara waliokuwa Kampala, miongoni mwao Jack Davies na George O'Conor, ndio walioonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba ugonjwa huo ulikuwa limfoma, yaani saratani ya chembechembe za kinga ya mwili. Alichofanya Burkitt ni kutambua kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo na wa viungo vingine kwa watoto hao ulikuwa ugonjwa mmoja.

Maili elfu kumi

Makala ya mwaka 1958 ilitokea katika jarida la madaktari wa upasuaji, na wataalamu wa saratani hawakuwa na mazoea ya kulisoma. Burkitt hakungoja kunukuliwa. Alituma barua na picha kwa hospitali nyingi barani Afrika akiuliza kama ugonjwa huo ulionekana huko. Kila jibu alilopokea alilitia alama katika ramani.

Mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu, akiwa na madaktari wenzake wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson. Kwa muda wa majuma kumi walisafiri maili zipatazo 10,000, kupitia Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama hospitali baada ya hospitali.

Ramani ilionyesha kwamba ugonjwa huo ulikuwa mwingi katika nchi za joto na mvua, na haukuonekana katika nyanda za juu zenye baridi. Hata hivyo Zanzibar na Pemba, ambako joto na mvua havikosekani, ugonjwa ulikuwa adimu. Katika visiwa hivyo malaria ilikuwa imedhibitiwa kwa sehemu kubwa. Hapo ndipo watafiti walipoanza kuuhusisha ugonjwa huo na malaria.

Sampuli katika ukungu

Miezi michache kabla ya safari hiyo, mwezi Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Epstein aliamini kwamba ugonjwa unaofuata hali ya hewa huenda unasababishwa na kiumbe hai, na akaomba aletewe sampuli za uvimbe kutoka Uganda.

Kwa muda mrefu hakupata kitu. Mwezi Disemba 1963, ndege iliyobeba sampuli nyingine ililazimika kutua Manchester kwa sababu ya ukungu mjini London. Ilipofika maabara, maji yake yalikuwa yamechafuka, na ilidhaniwa kuwa imeoza. Darubini ilionyesha kwamba uchafu huo ulikuwa ni seli hai za saratani zilizojitenga na nyama. Seli hizo zilikuzwa katika maabara, na ndani yake, kwa darubini ya elektroni, kikaonekana kirusi kipya.

Tarehe 28 Machi 1964 Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wa Ireland walitangaza habari hiyo katika jarida la The Lancet. Kirusi hicho, kiitwacho Epstein-Barr, ndicho cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Utafiti uliendelea Afrika Mashariki. Katika West Nile, Uganda, damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa, na matokeo ya mwaka 1978 yaliimarisha ushahidi dhidi ya kirusi hicho. Mkoani Mara, Tanzania, kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto walipewa klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kungepunguza saratani hiyo. Wagonjwa walipungua, lakini upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa kutolewa, hivyo jaribio halikutoa jibu la mkato.

Tarakimu na mipaka yake

Burkitt alipoandika makala yake, hapakuwa na njia rahisi ya kujua nani amemnukuu nani. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alianza kutoa faharasa ya marejeo ya kisayansi. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo cha h. Mtafiti mwenye makala kumi ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara kumi hupata h ya kumi. Mwenye makala moja tu iliyonukuliwa mara elfu hupata moja.

Vipimo hivyo husaidia, lakini vina upungufu. Kwanza, ugunduzi ukizoeleka hauhitaji tena kurejelewa. Maelfu ya madaktari huandika "limfoma ya Burkitt" bila kuitaja makala ya mwaka 1958. Jina limechukua nafasi ya marejeo, na mashine ya kuhesabu hailioni.

Pili, kunukuliwa si sawa na kusema kweli. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyodai uhusiano kati ya chanjo ya surua na usonji, ilinukuliwa mara nyingi sana, nyingine kwa kupingwa. The Lancet iliifuta mwaka 2010.

Tatu, mtafiti anayeshughulikia ugonjwa wa watoto wa vijijini ana wasomaji wachache kuliko anayeshughulikia maradhi ya nchi tajiri, hata kama kazi yake inaokoa maisha. Azimio la San Francisco, lililoanzishwa mwaka 2012, linavitaka vyuo na wafadhili wasimpime mtafiti kwa umaarufu wa jarida alilochapisha, bali kwa kazi yenyewe.

Waliobaki kutibiwa

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Baadaye alipata umaarufu wa pili kwa kueleza umuhimu wa makapi ya nafaka na mboga katika chakula, hoja iliyotokana na mambo aliyoyaona Afrika. Alifariki dunia mwaka 1993.

Kabla ya kuondoka alikuwa amekwisha kuona kwamba baadhi ya watoto walipona kwa dawa, bila kisu. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, na hicho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Leo, katika nchi tajiri, watoto wapatao tisa katika kila kumi wenye ugonjwa huo hupona. Katika nchi nyingi za Afrika wanaopona ni wachache zaidi, kwa kuwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, au dawa hukosekana, au wazazi hushindwa na nauli na gharama kabla ya matibabu kumalizika. Pengo hilo haliingii katika hesabu ya marejeo, ingawa watoto 38 wa makala ya kwanza walikuwa wa Uganda.